Wanawake wa Mieleka na Hukumu ya Umati

Aliyewahi kuhudhuria sikukuu ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni pale Bujora, Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, hana haja ya kufunzwa siri ya mieleka ya maonyesho. Kwani Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, wafuasi wa Ngika na Gumha, waganga mahasimu wa karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja wakikabiliana, na ushindi hupimwa kwa wingi wa watazamaji walioliacha kundi moja wakalikimbilia la pili, wakivutwa na nyoka, na mizaha, na, wasemavyo wenyewe, nguvu ya dawa.

Marekani nako hukumu ilikuwa ya umati. Mildred Burke, aliyeanza kwa kupigana na wanaume katika maonyesho ya mitaani, akatambuliwa bingwa mwaka 1937, alifahamu mapema kwamba misuli pekee haijazi ukumbi. Basi akaingia ulingoni kwa majoho yenye vito bandia vya kumetameta, na akapigwa picha akitunisha mikono. Lakini hesabu za fedha zilikuwa kwa mumewe, Billy Wolfe, aliyekuwa pia meneja wake, na umaarufu ule, kwa maoni yangu, ulimnufaisha bwana huyo kuliko yeye aliyeutolea jasho.

Jimbo la New York liliwaharimishia wanawake mieleka hadi mwaka 1972. Haikupita hata miaka 15, na tarehe 23 Julai 1984 mwanamieleka Wendi Richter, akisindikizwa na mwimbaji Cyndi Lauper, alimshinda mwenzake Fabulous Moolah katika mji wa New York, mbele ya kamera za MTV, televisheni ya muziki. Tangu hapo mieleka na muziki wa vijana vikawa majirani.

Majarida yakafuata. Mwanamieleka Sable alitokea katika Playboy la Aprili 1999, na mwenzake Chyna katika lile la Novemba 2000, nalo ni jarida ambalo mtu wa staha halitandazi mbele ya wakwe. Hata hivyo wawili hao si sawa: Sable alipendwa kwa sura kwanza, ilhali Chyna, aliyetwaa mkanda wa ubingwa wa Intercontinental mwaka 1999 kwa kumshinda mwanamume, alilazimisha jarida lipokee mabega mapana ambayo wahariri wake hawakuyazoea.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine. Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville mwaka 1965, wala medali hiyo haikumgeuza mwanamitindo. Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, alifika kumi bora wa Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, kisha akafanya kazi ya mitindo New York; na kwa kuwa mama yake alizama na meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria mwaka 1996, jina lile alilolichuma ughaibuni amelitumia kuwatafutia abiria wa ziwa hili maboya ya kujiokolea; tena ameanzisha biashara ya vipodozi ambayo mwenyewe ndiye mmiliki.