Hekaya za mabwanyenye na hadhari kwa mnunuzi wa hisa

WAHENGA walisema fuata nyuki ule asali. Hata hivyo, katika masoko ya hisa wapo wawekezaji wanaoshikilia kinyume chake: uza wakati kila mtu ananunua kwa pupa, nunua wakati wengine wanauza kwa hofu.

Mantiki yake si ngumu. Hofu inapotanda, hisa za kampuni imara huuzwa pamoja na za kampuni mbovu, na bei ikashuka chini ya thamani halisi. Anayenunua wakati huo hufaidika bei inapopanda tena. Tatizo ni kwamba ushauri huu aghalabu hupambwa kwa visa visivyo na mashiko.

Damu barabarani

Msemo maarufu zaidi huhimiza watu wanunue wakati damu inatiririka barabarani. Huhusishwa na Nathan Rothschild, mwanabenki wa London aliyefariki 1836. Inadaiwa kwamba alishuhudia pigano la Waterloo, Juni 18, 1815, akavuka bahari katika dhoruba, akauza hati za dhamana za serikali ili wenzake wadhani Uingereza imeshindwa, kisha akazinunua kwa bei ya kutupa.

Ukweli ni kwamba Rothschild hakuwa Waterloo; alikuwa London. Kisa hicho kilienezwa na kijitabu kilichotolewa Ufaransa mwaka 1846, miaka kumi baada ya kifo chake. Mwandishi wake, Georges Dairnvaell, alijiita Shetani, na nia yake ilikuwa kuwachafulia Wayahudi jina. Mwanahistoria Niall Ferguson, aliyechambua nyaraka za familia hiyo, alionyesha kuwa vita kumalizika mapema kuliwatatiza, kwani walikuwa wamelimbikiza dhahabu wakitarajia vita virefu.

Mnamo 1940, utawala wa Hitler ulikitumia kisa hicho katika filamu ya propaganda. Kwa hivyo, anayekirudia leo kama ushauri wa biashara anaeneza uongo uliowahi kuchochea chuki.

Hekaya nyingine humhusu Joseph Kennedy, babake Rais John F. Kennedy. Husemekana aliuza hisa zake kabla ya soko la New York kuporomoka Oktoba 1929, baada ya mpiga viatu rangi kumshauri kuhusu hisa za kununua. Kisa kama hicho husimuliwa pia kumhusu Bernard Baruch. Kisa kinachohama kutoka kwa tajiri mmoja hadi mwingine kinaweza kuwa funzo, lakini si ushahidi.

Hesabu, si ujasiri

Mfano wenye uzito ni wa Mmarekani John Templeton. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka 1939, alikopa dola 10,000 na kununua hisa za kampuni 104 zilizouzwa kwa dola moja au chini, 34 kati yazo zikiwa zimefilisika. Alipata faida kubwa. Aliamini kuwa vita vingefufua viwanda, na hakuweka mayai yote katika kapu moja.

Hapa Kenya, hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa Sh5 mwaka 2008. Wengi walikopa ili kununua, lakini baadaye bei ilishuka chini ya Sh3. Aliyenunua wakati huo na kuvumilia aliiona ikipita Sh40 mwaka 2021.

Lakini aliyenunua hisa za Mumias Sugar kwa sababu tu zimeshuka chini ya shilingi moja hakuambulia kitu. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliwekwa chini ya meneja mrasimu na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Safari hii, umati uliotoroka haukukosea.

Kabla ya kwenda kinyume na umati, basi, chunguza kwa nini unakimbia. Je, kampuni ina madeni inayoweza kuyalipa? Inapata faida? Na je, pesa unazotaka kuwekeza ni akiba, au ni karo ya muhula ujao? Hisa iliyoshuka bei bado inaweza kushuka zaidi.