Kambove: Mnara na kikombe cha Mtakatifu Barbara

Tarehe 4 Desemba ni siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini. Katika mji wa shaba kama Kambove, siku hiyo inagusa nyumba nyingi. Lakini wengi wakiona picha yake hawajui kwa nini ana mnara pembeni na kikombe mkononi.

Masimulizi ya zamani yanasema Barbara alikuwa binti wa mpagani tajiri, Dioskoro, aliyemfungia ndani ya mnara. Humo akamwamini Kristo, akaagiza mnara uongezwe dirisha la tatu kwa heshima ya Utatu. Baba yake akamkata kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Papo hapo radi ikampiga yule baba, akafa.

Zamani Ulaya, waumini wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo wachoraji walimpa kila mtakatifu alama yake: Petro funguo, Katarina gurudumu, Barbara mnara. Jan van Eyck alimchora mwaka 1437, na picha hiyo iko Antwerp, Ubelgiji. Barbara ameketi na kitabu na tawi la mtende, alama ya wafiadini. Nyuma yake mnara haujaisha, na mafundi wako kazini.

Kikombe kina maana nzito zaidi. Kwa sababu ya radi ile, watu walimkimbilia Barbara wakiogopa kifo cha ghafula: moto, baruti, udongo unaoporomoka. Waliomba wasife kabla ya kupokea komunyo ya mwisho. Ndiyo maana wachoraji wengi walimpa kikombe na hostia. Askari wa mizinga na wachimbaji wakamfanya wao, hata wale wa Ubelgiji, nchi ambayo kampuni yake ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga.

Mwaka 1969 Kanisa lilimtoa katika kalenda ya jumla, kwa kuwa habari za maisha yake hazina uhakika wa kihistoria. Wachimbaji hawakumwacha.

Sababu inaeleweka. Shimo likiporomoka, aliyefukiwa hapati padri wala nafasi ya kuaga. Familia zilizokimbia vita nazo zinajua uchungu huo, maana zina ndugu waliofia njiani bila kuagwa. Kikombe cha Barbara kilichorwa kwa ajili ya watu hao.