Ukurasa Upi Utoke?

Neno "ukurasa" si la waandishi peke yetu. Mafundi wa kompyuta walilichukua zamani, na habari yake inamhusu kila kijana anayechapa mswada wake kwenye mashine kuukuu.

Inaanzia Manchester, Uingereza. Tarehe 7 Desemba 1962 ilizinduliwa huko kompyuta iitwayo Atlas, kazi ya Tom Kilburn na wenzake wa Chuo Kikuu pamoja na kampuni ya Ferranti. Kumbukumbu yake ya haraka ilibeba maneno 16,384 tu. Nyuma yake kulikuwa na ngoma za sumaku, zenye nafasi mara sita lakini goigoi. Basi wakaigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512, yaani kurasa 32 kwa wakati mmoja. Programu ikitaka ukurasa ulioko kwenye ngoma, mashine yenyewe iliuleta, na mwingine ukatolewa kuupisha. Aliyeandika programu hakuwa na habari. Kwake yeye ilikuwa kumbukumbu moja kubwa.

Lakini utoke upi? Hapo ndipo vichwa vilipouma. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning alieleza ugonjwa wenyewe: programu zikizidi, kila moja inafukuza kurasa za mwenzake, na mashine inashinda ikibeba mizigo huku na huko bila kazi kwenda. Dawa yake ilikuwa kwamba kila programu ipewe nafasi ya kurasa inazozitumia wakati ule. Nafasi ikikosekana, programu moja isubiri kabisa.

Unix ikaongeza mpangaji mwingine. Vipande vya mafaili vilivyosomwa karibuni viliwekwa kwenye kache, ili diski isisumbuliwe tena. Mwanzoni kache ilikuwa na chumba chake chenye ukubwa uliopangwa. Mwaka 1988 SunOS 4.0 ikabomoa ukuta, mafaili na programu vikawa chini ya paa moja. Ugomvi haukukawia, maana wapangaji hawa hawalingani. Ukurasa wa faili lililosomwa bila kuguswa waweza kutupwa hivi hivi, nakala ipo diskini. Aya niliyoichapa sasa hivi na sijaihifadhi haina nakala popote. Kuitoa ni lazima iandikwe kwanza kwenye kipande cha diski kiitwacho swapu, na kuirudisha ni safari nyingine.

Mimi natumia kompyuta ya mtumba, kumbukumbu yake gigabaiti 2. Mdogo wangu akinakili filamu, mafaili yanajaa kote. Nikirudi kwenye riwaya, nabonyeza herufi, kimya, diski inakwaruza tu. Filamu isiyotazamwa na mtu imeketi ndani, sura yangu ya saba iko nje barazani! Wazo nalo limeshakimbia, na wazo halina swapu.

Wakubwa nao waligombana hivi hivi. Linux 2.4 ilitoka Januari 2001, na Septemba mwaka huo huo, katika 2.4.10, Linus Torvalds aling'oa utaratibu wa kumbukumbu wa Rik van Riel akaweka wa Andrea Arcangeli. Tena katika toleo lililotakiwa kuwa tulivu. Kelele zake si mchezo. Toleo la 2.6, Desemba 2003, likaja na namba ya kurekebisha mizani, kutoka 0 hadi 100, nayo ikawekwa 60. Ikiwa ndogo, mafaili yanatoka kwanza. Ikipanda, programu zinapelekwa swapu. Mwaka 2004 Andrew Morton, mmoja wa vigogo wa Linux, alisema yake iko 100: programu iliyolala itoke, nafasi ifanye kazi. Kwa hesabu ya mashine ana haki. Ila hesabu hiyo haimhesabu mtu aliyekaa mbele ya kioo akingoja herufi.

Mwaka 2020, toleo la 5.8 likaruhusu namba ifike 200, kwani siku hizi swapu yaweza kuwa ya haraka kuliko diski ya mafaili; wengine huibana ndani ya kumbukumbu yenyewe.

Yangu nimeishusha hadi 10. Riwaya inakwenda. Mdogo wangu ananung'unika kwamba picha zake, hata alizozifungua muda si mrefu, zinachelewa kurudi.