Ng'ombe mchafu na simu ya mama mdogo

Huku baridi inatuandama, na kazi ni ile ile ya zamu ya usiku, kuchunga seva za watu. Binamu ameniuliza kwa nini namng'ang'aniza mama mdogo aiache simu niliyomletea mwaka 2015. Jibu lina historia kidogo, nivumilieni.

Ndani ya kila simu ya Android kuna kiini cha Linux. Hicho ndicho bwana mkubwa, programu nyingine zote zinabisha hodi kwake. Mwaka 2016 Phil Oester, ambaye ana desturi ya kurekodi mawasiliano yanayoingia kwenye seva zake (desturi nzuri hiyo!), alikuta humo programu ya mdukuzi ikitumia tundu ambalo halijatangazwa. Likaitwa Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu. Hizo COW ni herufi tu za utaratibu wa "nakili unapoandika".

Chukulia daftari la karani wa kata. Kusoma ruksa. Ukitaka kuandika, karani anakupa fotokopi, uchorechore hiyo. Sasa njooni wawili: mmoja anaandika bila kupumzika, mwenzake anamwambia karani kila mara, "Itupe hiyo kopi." Mkirudia mara maelfu, kuna nukta moja karani atachanganyikiwa, na kalamu itatua kwenye daftari lenyewe. Hapo unajiandika kuwa mwenye mashine, wewe uliyeingia kama mgeni.

Linus Torvalds, baba wa Linux, alipoliziba Oktoba 2016 alikiri kwamba alishajaribu miaka 11 nyuma, tena vibaya. Marekebisho yale yaliondolewa kwa sababu yalisumbua kompyuta kubwa za IBM. Tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 mlango ulikuwa wazi. Na kiraka chenyewe, Novemba 2017 kikagundulika kina tundu!

Kiraka cha Android kilitoka Desemba 2016, lakini kukifikisha kwenye simu ni kazi ya mtengenezaji. Septemba 2017 ikaonekana ZNIU, programu hasidi iliyopitia tundu hilo hilo kuteka simu.

Nilimwomba mama mdogo anisomee tarehe ya usalama kwenye simu yake. Imegota Machi 2016. Na humo ndimo anamopokelea hela za ada za wadogo zetu. Nimenunua nyingine, shemeji atakuja nayo mwezi ujao.