Mtumba wa Merekani na Mtumba wa Leo

Walimu wengi wa Kiswahili katika nchi hizi zilizo mbali na pwani hulifundisha neno "mitumba" kana kwamba lilizaliwa juzi, pamoja na marobota ya nguo kuukuu yatokayo Ulaya na Marekani. Sivyo. Mtumba ni neno la zamani la misafara. Katika karne ya 19, mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora au Ujiji alibeba begani mtumba wa nguo, yaani furushi refu lililokazwa kwa kamba, na nguo iliyokuwamo ndani yake aghalabu ilikuwa merekani. Njia zimebadilika tangu hapo, na nguo zenyewe zimebadilika. Jambo lisilobadilika sana ni kwamba nguo hizo zilitufikia chini ya mikataba ambayo mfumaji, mshonaji na mchuuzi hawakuitwa kuijadili. Katika makala haya nitajaribu kuieleza mikataba hiyo na yale iliyowatenda watu wenye biashara ndogo, kwa sababu naona kwamba anayefundisha neno bila ya kujua safari yake amefundisha nusu tu.

Tuanze Maskati. Tarehe 21 Septemba, 1833, Sayyid Said bin Sultan alitiliana sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Serikali ya Marekani aliyefika kwa manowari iitwayo Peacock. Roberts hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Alikuwa mfanyabiashara, tena aliyekwisha kufika Unguja miaka michache kabla ya hapo na kurudi kwao akinung'unikia taratibu za huko. Katika mkataba ule Wamarekani walipewa ruhusa ya kuingia katika bandari zote za Sayyid na shehena ya namna yoyote, kumwuzia raia wake yeyote, na kupatana bei na mnunuzi bila ya serikali kuingilia kati. Ushuru wa bidhaa walizoshusha haukuweza kuzidi 5 kwa mia. Hapakuwa na ushuru mwingine wa kuingiza wala wa kutoa, wala leseni ya kufanya biashara. Kilichotengwa kilikuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo katika kisiwa cha Unguja hazikuruhusiwa kuuzwa ila kwa serikali tu. Mwaka 1837 balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja kukaa. Waingereza nao wakapata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844.

Wako wanaoandika kwamba Sayyid alidanganywa. Mimi siamini hivyo. Sayyid alikuwa mfanyabiashara hodari mwenye merikebu na mashamba ya mikarafuu, na alijua kwamba wateja wengi ni bora kuliko mmoja. Isitoshe, katika mkataba wa Waingereza alihakikisha kwamba pembe na sandarusi za mrima, kati ya Tanga na Kilwa, zinabaki nje ya ruhusa ile. Kwa hiyo alikuwa na macho. Alichokilinda kilikuwa mali iliyomhusu yeye na wale waliokodi forodha yake, akina Jairam Shivji. Mfumaji wa nguo hakuwamo katika hesabu hiyo.

Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu hulisikiliza kwa mshangao. Marekani iliyomwomba Sayyid afungue milango kwa ushuru wa 5 kwa mia ilikuwa, tangu mwaka 1816, imekwisha kuweka ushuru wa 25 kwa mia juu ya nguo za pamba kutoka nje, tena kwa kuikadiria nguo duni kama kwamba ni ya thamani kubwa, ili nguo za rahisi za Bara Hindi zisiviue viwanda vyake vichanga. Chini ya kivuli cha ushuru huo ndipo viwanda vya Massachusetts vilipokua, na ndivyo vilivyotoa merekani. Mkataba wa 1833 uliziahidi merikebu za Sayyid heshima ile ile waliyopewa marafiki wakubwa wa Marekani, na ni kweli kwamba mwaka 1840 merikebu yake Sultana, chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York ikiwa na tende, kahawa, pembe na karafuu. Lakini hiyo ilikuwa merikebu moja, ilhali merikebu za Salem zilikuja Unguja kila mwaka.

Merekani ilikuwa nguo gani? Ilikuwa nguo ya pamba nzito isiyopaushwa, ngumu, isiyo na urembo wowote. Uzuri wake ulikuwa katika jambo lisiloonekana upesi: kila jora lilifanana na jenzake. Mashine haichoki saa za alasiri wala haikazi uzi leo na kuulegeza kesho. Kwa hiyo nguo ile iligeuka kuwa fedha. Bara ilipimwa kwa mkono, na mikono 4 ilifanya shuka, na mikono 8 ikafanya doti. Majora yalihesabiwa kwa doti. Hongo ya mtemi, posho ya wapagazi, kuku, mtama, pembe ya ndovu, vyote vilikuwa na bei yake kwa shuka na doti. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kurasa nyingi juu ya vipimo hivyo, na mwanafunzi anayenunua leo doti ya kanga hajui kwamba anatumia kipimo cha misafara.

Hali hiyo ndiyo iliyomwumiza mfumaji wa kwetu kupita bei yenyewe. Mtu aliyefuma nguo nzuri Unyamwezi aliweza kumvisha jirani yake, lakini kwa nguo hiyo hakuweza kulipa hongo Ugogo, kwa kuwa upana wake na urefu wake havikulingana na kipimo kilichokubaliwa. Nguo yake ilibaki nguo tu, na nguo ya mgeni ikawa nguo na fedha kwa pamoja.

Wala tusidhani kwamba watu wetu walikuwa hawajui kufuma mpaka wafunzwe. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisema kuwa nguo za huko zilipelekwa mpaka Misri. Pate ilisifika kwa hariri yake katika zama za Wareno. Katika magofu ya Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi. Bara, Wanyamwezi na Wafipa walilima pamba na kuifuma, na huku kwetu Buganda watu walivaa lubugo, yaani gome la mti wa mutuba lililogongwa kwa nyundo mpaka likawa laini kama nguo.

Kazi hizo hazikufa siku moja, na hazikufa kwa sababu ya karatasi ya Maskati peke yake. Kadiri mzigo ulivyoingia ndani ndivyo gharama ya wapagazi na hongo ilivyopanda, hata merekani ikawa ghali, na kwa hiyo umbali ulimkinga mfumaji wa Ufipa kwa namna ambayo hakuna ushuru wa Unguja uliomkinga mwenzake wa pwani. Wafipa waliendelea kufuma hata katika karne ya 20. Watu wa Benadir nao waliendelea, na nguo zao zikashika soko la wale waliotaka rangi na mistari ambayo merekani haikuwa nayo. Lubugo lilipungua polepole tangu wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipofika katika ikulu ya Kabaka Suna mnamo mwaka 1844 na nguo zao za pamba. Likabaki nguo ya msiba na ya sherehe za ufalme, na mwaka 2008 UNESCO ikalitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima kubwa, ingawa fundi mwenye kugonga gome angefurahi zaidi kupata wanunuzi.

Upande wa pili lazima usemwe. Mkataba ule ule ulifungua riziki ya wengi: wapagazi, wachuuzi, wenye maduka madogo ya Wahindi yaliyoenea pwani. Tippu Tip, ambaye tawasifu yake wengi wetu tumeisoma darasani, alianza safari zake kwa mali ya mkopo, na baadaye alikopeshwa na tajiri Taria Topan. Hivyo ndivyo biashara ilivyokwenda. Nguo ilitoka Salem, ikakopeshwa Unguja, ikakopeshwa tena Tabora, na kila mkono ulioipokea ulikuwa na deni kwa mkono ulioitoa. Na pembe zilizolipia deni hilo mara nyingi zilibebwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ikawa adimu, merikebu zikapungua, na wenye viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay wakaingia katika nafasi hiyo. Jina likabaki lile lile: nguo ya Bombay isiyopaushwa iliitwa merekani vile vile.

Zama za ukoloni nitazipita kwa haraka. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliifanya nchi yote ya bonde la Kongo, pamoja na Afrika Mashariki mpaka bahari ya Hindi, kuwa eneo la biashara huru, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukashikilia usawa wa mataifa yaliyotia sahihi, Japani ikiwa mojawapo. Matokeo yake yaliwashangaza wenyewe. Mwaka 1934 Waingereza waliweka kiwango cha nguo za Kijapani katika makoloni yao, lakini Kenya, Uganda na Tanganyika hawakuweza, kwani sahihi yao wenyewe iliwafunga. Katika miaka hiyo ya shida mkulima wa pamba wa Uganda aliweza kununua nguo ya Kijapani kwa senti alizokuwa nazo, na fundi wa cherehani barazani kwa Mhindi akapata cha kushona. Biashara huru haimdhuru kila mtu mdogo. Yafaa kuuliza ni mdogo yupi.

Sasa tuje katika mtumba wa leo. Huku Uganda twaziita nguo hizi mivumba, na soko la Owino mjini Kampala limejaa watu waishio kwazo. Rwanda na Burundi huziita "caguwa", neno ambalo si lingine ila "chagua" letu, mwito wa muuzaji mbele ya rundo. Kiswahili kimesafiri pamoja na robota. Mimi mwenyewe husimama darasani nikiwa nimevaa shati la mivumba, na sioni haya, maana mshahara wa mwalimu unajulikana.

Mwezi wa Machi, 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo na viatu vilivyotumika katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda na washonaji wa kwetu wapate nafasi. Rwanda ilitangulia: mwaka huo huo ushuru wa nguo hizo ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50. Mwaka 1816, kama nilivyokwisha kueleza, jambo la namna hiyo lisingemshangaza mwenye kiwanda yeyote wa Massachusetts. Lakini mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na Serikali ikazikumbusha nchi zetu juu ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoziwezesha nchi nyingi za Afrika kupeleka bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ilikuwa na viwanda vingi vilivyotegemea nafasi hiyo, ikajitoa mapema katika azimio. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na tangu mwisho wa mwezi wa Julai, 2018, nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Tuangalie lakini kwamba AGOA haikuwa mkataba. Ilikuwa sheria ya upande mmoja, na mwenye kutoa alikuwa na haki ya kunyang'anya.

Je, mshonaji wa Kigali alipata faida? Wengine walipata. Lakini wauzaji wa caguwa, wengi wao wanawake wenye mtaji wa robota moja, walipoteza kazi. Marobota yakavushwa usiku kutoka nchi jirani. Na sehemu kubwa ya nafasi iliyoachwa ilijazwa na nguo mpya za rahisi kutoka China. Ushuru unaweza kumzuia mgeni mmoja mlangoni, na mwingine akapita dirishani.

Mfano bora zaidi wa makubaliano naona ni ule wa Jumuiya yenyewe. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru uliopungua mwaka hata mwaka mpaka 2010. Yaani dhaifu alipewa muda. Baadaye ikawekwa hati nyepesi ya asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ili mama mwenye kikapu asidaiwe karatasi za mwenye lori. Utaratibu huo ni mzuri, na wako waliofaidika nao Busia na Malaba. Hata hivyo mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa mwezi wa Februari, 2019, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari, 2022. Wenye malori walizunguka kwa njia nyingine. Mama wa Kabale aliyezoea kuvuka asubuhi na viazi na kurudi jioni na fedha hakuwa na njia nyingine, na hati yake nyepesi ilikaa mfukoni kwa muda wa karibu miaka mitatu.