Derek Boogaard

Derek Boogaard (23 Juni 1982 – 13 Mei 2011) alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni, mzaliwa wa Saskatoon, Kanada. Katika mechi 277 za ligi ya NHL, akichezea Minnesota Wild kisha New York Rangers, alifunga mabao 3 tu. Kazi yake hasa ilikuwa kuwalinda wenzake kwa ngumi.

Kazi hiyo ilimla. Alizama katika uraibu wa dawa za maumivu, na pambano la Desemba 2010 dhidi ya Matt Carkner wa Ottawa likawa la mwisho kwake. Pombe na oksikodoni vilimuua akiwa na miaka 28.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta ubongo wake umeharibiwa na ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, tena kwa kiwango cha kutisha kwa kijana kama yeye.