Saa Isiyotiwa Ufunguo

Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, ilitolewa sokoni saa ya mkono isiyokuwa na kamani, wala haikuhitaji kutiwa ufunguo. Jina lake lilikuwa Seiko Astron, na bei yake yeni 450,000, fedha ambazo wakati ule zilikaribia kununua motokaa ndogo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha jiwe la kwatzi kilichotetemeka mara 8,192 kwa sekunde kwa nguvu ya betri, na watengenezaji wake waliahidi kwamba haitapotea zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi. Saa njema ya kamani yaweza kupotea kiasi hicho kwa siku moja.

Elimu yenyewe ilikuwa ya zamani. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Na mwaka 1927 Warren Marrison aliunda saa ya kwatzi huko Marekani, nayo ilikuwa kubwa mno. Kazi iliyobaki ilikuwa ni kuipunguza hata itoshe juu ya kifundo cha mkono. Waswisi nao hawakulala. Maabara yao ya Neuchâtel, iliyoanzishwa mwaka 1962, ilizaa mtambo ulioitwa Beta 21, ukaonyeshwa Basel mwaka 1970, na wenye majina makubwa kama Omega, Patek Philippe na Rolex wakautia katika saa zao, nyingine zikiwa za dhahabu nzito. Baadaye Rolex walijitenga, wakaunda mtambo wao wenyewe, wakauuza kwa jina la Oysterquartz tangu mwaka 1977 hata 2001.

Yafaa hayo yakumbukwe, kwa kuwa leo neno kwatzi humletea mtu fikira ya saa ya bei ya chini, ya kuvaliwa na kutupwa. Mageuzi hayo yalikuja upesi. Viwanda vya saa vya Uswisi, vilivyoajiri watu wapatao 90,000 mwaka 1970, vilibakiwa na kama theluthi yao katikati ya miaka ya themanini. Waliotoka walitoka na ufundi wao. Basi zile saa za mwanzo za kitajiri zilibaki yatima: ni za thamani mno hata zisitupwe, na ni za umeme mno hata mafundi wengi wa kamani wasitake kuzishika.

Hapo ndipo penye kiini cha gharama. Mtu aliyerithi saa ya namna hiyo hudhani kwamba inataka betri tu. Lakini saa ya kwatzi ina akrabu, na akrabu huzungushwa na magurudumu ya meno, na magurudumu yana mihimili inayotaka mafuta. Mafuta yakikauka, injini ndogo huvuta umeme zaidi, na betri iliyopasa kudumu huisha mapema. Mwenye saa hununua nyingine, kisha nyingine, akilaumu betri. Fundi mwaminifu hupima kwanza umeme unaotumika, ambao huhesabiwa kwa sehemu za milioni za ampea, ndipo aifungue yote, aisafishe, aitie mafuta, na kubadili mipira inayozuia maji. Kazi hiyo haipungui sana ile ya saa ya kamani, wala haistahili malipo ya chini. Tena betri iliyosahauliwa ndani huvuja, na ule mvujo hula njia za shaba.

Lililo zito zaidi ni sakiti. Saa ya mfukoni ya mwaka 1870 ikivunjika mhimili, fundi hodari hukereza mwingine kwa chuma, na saa ikatembea. Kigae cha silikoni hakikerezwi. Kiwanda kilichokichora kimekwisha kuacha, na hakuna mtu awezaye kukiunda mezani pake. Ajabu ni kwamba Astron ya kwanza, ambayo viungo vyake vililehemiwa kwa mikono, yaweza kufuatwa kiungo kwa kiungo na mtu mwenye subira, kuliko zile zilizokuja baadaye zikiwa bora kuliko yeye. Koili yaweza kusukwa upya kwa waya mwembamba kuliko unywele, na wako wachache waijuao kazi hiyo. Sakiti iliyokufa hutafutiwa sakiti ya saa nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine; na kwa kuwa Beta 21 zilitengenezwa elfu chache tu, kila saa inayovunjwa kwa ajili ya vipuri huifanya inayofuata kuwa ghali zaidi.

Kwa hiyo bei anayoitaja fundi si bei ya saa za kazi peke yake, bali ni bei ya uhaba, na kuilalamikia kana kwamba ni ulafi ni kutomtendea haki. Lakini mwenye saa naye ana hesabu yake. Mwezi wa Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi, na tangu hapo imekwisha kupita kiasi hicho mara nyingi. Akiambiwa kwamba matengenezo yatamgharimu fedha nyingi bila ahadi ya hakika, naye ameshika kasha na mkufu wa dhahabu, huenda akapita kwanza kwa sonara. Kasha huyeyushwa alasiri ile ile. Mtambo wenyewe, ukiwa na bahati, hununuliwa na fundi kwa fedha kidogo, ukatiwa ndani ya kisanduku, kungojea saa nyingine itakayoletwa imesimama.